Dizeli, spea na stima: maswali ninayoulizwa kila wiki

Naishi Nakuru. Nina Canter inayobeba viazi kutoka Molo hadi Kisumu. Siku nyingine hurudi na mchele wa Ahero, siku nyingine hurudi na hewa tupu. Kabla ya kuwa na lori langu nilikuwa taniboi (utingo) wa baba mdogo, nikilala juu ya turubai Salgaa na kuota magari. Watu wamejua kwamba nikianza kuongea injini sinyamazi, kwa hiyo wananiuliza kwenye stendi, kanisani, hata matangani. Majibu ni yale yale, nimeona niyaandike mara moja.

Wewe ni fundi?

Hapana. Najua kubadilisha filta, kufunga feni belti gizani na kumtambua fundi mwongo. Hilo la tatu ndilo lililonigharimu zaidi kujifunza.

Gari gani haliharibiki?

Hakuna. Ukiona mtu anakwambia gari fulani haliharibiki, muulize analiuza bei gani.

Uliza hivi: likizimika saa tatu usiku Londiani, mvua inanyesha, nani atalifungua na spea itatoka wapi? Ukishapata jibu la hapo, mengine ni mapambo. Probox haipendwi kwa sura. Inapendwa kwa sababu injini yake ya 1NZ iko kwenye magari mengine mengi ya Toyota, na duka lolote la spea kuanzia Nakuru hadi Busia lina plagi zake, pampu yake ya maji na mpira wa mguu wa mbele. Isuzu NQR ni hivyo hivyo. Inaunganishwa Nairobi, na mafundi wameifungua mara nyingi kiasi kwamba hawahitaji kuuliza boti inaingia wapi. Land Cruiser ya injini ya 1HZ ni lita 4.2, silinda sita, bila turbo, na pampu ya dizeli isiyojua kompyuta ni nini. Haina haraka. Lakini ikikataa, sababu huwa ni tatu au nne, na zote utazigusa kwa mkono.

Rafiki yangu wa Kisumu alinunua gari la Ulaya, zuri kwelikweli, viti vya ngozi, linateleza kama samaki. Sensa moja ndogo kama kidole ikafa. Gari likakaa kwenye ua wa gereji hadi kuku wakaanza kulala chini yake. Kila nikimpigia simu kumuuliza ananijibu, "Omera, gari halijaharibika. Linangoja tu." Alikuwa sahihi. Ile gari haikuwa mbovu, ilikuwa mbali na kwao.

Kwa nini wanasema dizeli inadumu kuliko petroli?

Kwa sababu imejengwa kwa uoga. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Inaibana hewa mpaka inakuwa moto wa kutosha kuchoma dizeli ikinyunyiziwa tu. Petroli hubanwa mara 9 hadi 12 hivi, dizeli hubanwa mara 15 hadi zaidi ya 20. Ukibana hivyo kwa chuma chembamba kinapasuka, kwa hiyo watengenezaji wakaweka chuma kinene, kranki nzito na beringi pana. Halafu inazunguka polepole. Lori linapanda Mau Summit likiwa kwenye mizunguko ambayo gari dogo la petroli lingezima.

Uimara huo ulitokana na lazima, si na mapenzi kwa mteja. Na unahusu chuma cha ndani tu. Siku hizi kinachokufa kwanza ni vile vitu vilivyofungwa nje ya chuma hicho.

Kwa hiyo dizeli za kisasa ni mbovu?

Si mbovu, ni nyepesi kukasirika. Pampu za zamani zilisukuma dizeli kwa presha ya kawaida na nozeli, kile kinyunyizi cha dizeli, ilivumilia uchafu kidogo. Mfumo wa kisasa wa komoni reli unasukuma kwa presha ya baa 1,600, mingine hupita 2,000, kupitia vitundu ambavyo huwezi kuviona kwa macho. Faida yake ni nguvu, ukimya na ulaji mdogo. Hasara yake ni kwamba chembe ya mchanga ambayo baba mdogo angeicheka, kwako ni nozeli mpya.

Kisha kuna chujio la masizi kwenye ekzosi. Hili nalisema kwa sauti kwa sababu wengi wanaagiza magari madogo ya dizeli kutoka Japani bila kuuliza. Chujio hilo hujisafisha kwa kuchoma masizi, na linahitaji joto, yaani safari ndefu ya mwendo mmoja. Ukitumia gari hilo kupeleka watoto shule kutoka Milimani na kurudi, kilomita tatu asubuhi, tatu jioni, halipati joto hata siku moja. Litajaribu kujisafisha, ukalizima njiani, likajaribu tena. Dizeli ya ziada inayonyunyizwa kwa kazi hiyo nyingine huteremka kwenye oili. Ukichomoa dipstiki ukakuta oili imepanda badala ya kushuka, usifurahi. Hiyo si baraka, ni dizeli inayeyusha oili yako.

Mwenye safari fupi za mjini anunue petroli, haibridi (petroli na mota ya umeme pamoja) au umeme. Dizeli ya kisasa ni ya mtu wa barabara ndefu.

Nitajuaje dizeli imechanganywa?

Hapa nina kovu. Mwaka fulani, bei ikiwa imepanda usiku wa tarehe 14, siku ambayo bei mpya za mafuta hutangazwa kila mwezi, nilishawishika kununua dizeli ya mtungi kando ya barabara. Ilikuwa rahisi kwa kila lita. Lori lilipiga kilomita kama 60 likaanza kugonga kama mtu anayepiga sufuria kwa kijiko. Fundi wangu alichomoa nozeli moja, akaiweka kwenye kiganja, akamulika kwa simu. Ncha ilikuwa imepata rangi ya buluu na vitundu vimelika. Hakusema kitu. Alinipa niishike mwenyewe. Nozeli nne, mtumba, zilikula faida ya safari sita za viazi.

Mafuta ya taa ndiyo yalikuwa mchanganyiko maarufu, kwa sababu yalikuwa na bei ya chini. Septemba 2018 serikali iliweka tozo ya Sh18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuondoa tamaa hiyo. Injini ya dizeli inaweza hata kuwaka kwa mafuta ya taa, na hapo ndipo mtego ulipo. Inawaka, lakini mafuta ya taa ni makavu. Dizeli ndiyo oili ya pampu na nozeli zako. Ukiondoa utelezi huo, chuma kinasuguana na chuma.

Kipimo changu cha maji ni chupa ya soda isiyo na rangi. Fungua skrubu ya chini ya filta ya kutenganisha maji, kinga kiasi, weka chupa juani dakika kumi. Maji hukaa chini na utaona mstari wazi kama wa uji na mafuta. Mafuta ya taa hayajitengi hivyo, kwa hiyo chupa haitakusaidia. Kwa hayo, dawa ni kununua pale pale kila siku na kuweka risiti.

Moshi unaniambia nini?

Mweusi: dizeli nyingi au hewa kidogo, anza na filta ya hewa kabla hujamlipa mtu. Wa buluu: inakula oili. Mweupe usioisha injini ikishapata moto: ama dizeli haichomeki vizuri, ama maji yanaingia, na hapo angalia gasketi ya silinda hedi. Kabla ya kununua lori kuukuu, fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma. Ikipumua kama jiko la mkaa lililopulizwa, ringi zimekwisha. Rudisha kifuniko, shukuru, ondoka.

Nikitia frii kwenye mteremko naokoa dizeli, si ndiyo?

Hapana, na nakuomba uache leo. Lori likiteremka likiwa kwenye gia na mguu hauko kwenye akseleta, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini na pampu inakata dizeli kabisa. Ukitia frii, injini inabaki sailensa, yaani inanguruma bila gia, na sailensa inakula. Yaani unalipa ili ujihatarishe.

Wote tunaopita miteremko ya Salgaa, Sachang'wan na Migaa tunajua mengine. Breki za ngoma zikipata moto hulegea, na tani 40 hazisikii maombi. Tarehe 31 Desemba 2017 watu 36 walikufa Migaa katika ajali moja, na ndipo kukaja ukuta wa katikati ya barabara. Baba mdogo alikuwa na sheria moja: teremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Hajawahi kuandikwa gazetini, na hilo kwake lilikuwa jambo la fahari.

Kwa nini gari langu linachoka Timboroa?

Haliumwi, limekosa hewa. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru karibu 1,850, Timboroa zaidi ya 2,700. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100, kwa hiyo Timboroa umeacha karibu robo ya farasi wako Mombasa. Turbo inarudisha sehemu kubwa.

Mota ya umeme haivuti hewa. Nguvu iliyo nayo Kondele, Kisumu, ndiyo iliyo nayo Timboroa. Watu hunishangaa mimi mpenda dizeli nikisema hivi, lakini milima yetu inaifaa mota ya umeme kuliko injini yoyote.

Basi ungenunua trela la umeme la kwenda Malaba, mpakani na Uganda?

Leo hii, hapana. Lita moja ya dizeli ina nishati ya karibu yuniti 10 za stima, zile zile unazonunua kwa tokeni. Injini inapoteza zaidi ya nusu kama joto, mota inapoteza kidogo sana, sawa. Hata hivyo betri ya yuniti 300 inaweza kuwa na uzito wa tani mbili. Ukifika kwenye mizani ya Gilgil, kisha ya Webuye, uzito ule ni uzito. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 56 kwa lori la ekseli saba na haiulizi kama tani mbili kati ya hizo ni betri au saruji. Mwenye mzigo halipii betri.

Halafu chaja. Trela ni chombo cha kutembea usiku kucha. Likisimama saa tatu kuchajiwa, na foleni ya mpaka iko pale pale, dereva amekwisha.

Na hiyo Canter yako ya viazi?

Swali hili ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu nimelipigia hesabu nyuma ya risiti mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mke wangu.

Molo iko karibu mita 2,500. Kisumu 1,130. Yaani nashuka mita kama 1,300 nikiwa *na* mzigo, na kupanda nikiwa mtupu, siku ambazo sirudi na mchele. Gari la umeme likishuka, mota yake hugeuka jenereta na kurudisha stima kwenye betri. Tani 9 zikishuka mita 1,300 zinaachilia yuniti 32. Tuseme theluthi mbili zinarudi kwenye betri: 21. Kupanda nikiwa tani 4, mlima wenyewe unadai 14, weka 16 kwa sababu ya upotevu. Kwa upande wa mlima peke yake, viazi vinanilipa.

Uswisi wanayo lori ya machimbo iliyogeuzwa kuwa ya umeme, inaitwa eDumper, yenye betri ya yuniti 600. Inapanda tupu na kushuka na tani 65 za mawe, na inarudi na stima ya ziada. Niliposoma habari hiyo nilisimama nikatembea nje kidogo.

Lakini mimi si eDumper. Ile ina safari fupi ya mteremko mtupu, mimi nina karibu kilomita 140. Barabara haishuki moja kwa moja, inapanda na kushuka matuta hadi Kericho, na kuanzia Awasi ni tambarare kabisa. Msuguano wa matairi na upepo wa mbele haulipwi na mtu. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 280. FUSO wenyewe wanatengeneza eCanter tangu 2017, na toleo waliloonyesha 2022 lina betri ya hadi yuniti 124 hivi na kilomita zinazofika 200. Ina maana naweza kufika soko la Kibuye, Kisumu, nikachaji wakati viazi vinashushwa, nikarudi. Inawezekana. Kinachonizuia ni bei, na swali langu lile lile la kwanza: likizimika Londiani saa tatu usiku, nani analifungua?

Boda ya umeme je?

Nunua. Hapa sina mjadala. Mtu wa boda anazunguka mji mmoja, anarudi mahali pamoja, na anasimama na kuondoka mara mia kwa siku, jambo ambalo injini ya petroli inalichukia na mota inalipenda. Hakuna oili ya kumwaga, hakuna klachi, hakuna kabureta. Penye kituo cha kubadilisha betri unaacha iliyoisha na kuchukua iliyojaa kwa muda wa kunywa soda. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja tu: vituo viko wapi *leo*, si mwakani. Kama cha karibu kiko ng'ambo ya mji, baki na petroli yako.

Stima ikipotea?

Swali zuri kwa nchi iliyolala giza karibu yote Agosti 25, 2023. Jibu langu la kwanza ni kwamba pampu ya petroli nayo inatumia stima. Kituo kisicho na jenereta siku hiyo hakikuuza hata lita.

La pili, hakuna mahali penye haki ya kuendesha gari la stima kuliko hapa kwetu. Olkaria, penye stima ya mvuke wa ardhini, iko kwenye kaunti hii ya Nakuru, mvuke wa Menengai unachemka juu ya paa za nyumba zetu, na Sondu Miriu, stima ya maji, inateremka karibu na Kisumu. Dizeli yote tunainunua nje kwa dola. Na tangu 2023 kuna bei maalum ya stima ya kuchajia magari, ambayo hushuka zaidi usiku mitambo ya mvuke ikiwa inafanya kazi na watu wamelala. Kinachonikera ni nguzo ya mtaani kwangu, ambayo upepo ukipiga kidogo inasinzia.

Betri hazilipuki? Na mafuriko?

Betri ikishika moto ni vigumu kuuzima, sitakudanganya. Lakini Sachang'wan 2009, lori la petroli lilipopinduka, tulizika zaidi ya watu mia. Sisi si wageni wa moto wa magari. Ukiweza kuchagua, chagua betri ya fosfeti ya chuma, ni tulivu zaidi kuliko aina ya nikeli na huvumilia kuchajiwa mara nyingi.

Kuhusu maji: mto Nyando ukifurika Ahero, usiingie na chochote. Dizeli ikivuta maji kwenye silinda, maji hayabaniki, konrodi inapinda. Sijali lina snokeli (bomba la kuvutia hewa juu) au la.

Nissan Leaf, lile gari la umeme, kutoka Japani?

Kwa kanuni yetu ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8, zinazoingia sasa ni za kizazi cha pili, betri ya yuniti 40 kwenda juu. Angalia vipau vya afya ya betri kwenye dashibodi, vikiwa kamili ni 12. Mileji ni hadithi, vipau ni ushahidi. Betri yake haipozwi kwa maji, kwa hiyo joto la Kisumu litaizeesha haraka kuliko baridi ya Nakuru. Usiiache juani ikiwa imejaa pomoni. Na uliza aina ya plagi ya chaji ya haraka kabla ya kulipa, maana ya Leaf hailingani na chaja nyingi mpya.

Haibridi?

Kwa gari la familia leo, ndiyo. Safisha feni ya betri kubwa, ile iliyo karibu na kiti cha nyuma. Inaziba kwa vumbi na nywele za mbwa, halafu watu wanasema haibridi ni mbovu.

Ungepewa pesa leo ungenunua nini?

Probox ya shughuli za mjini. Boda mbili za umeme nizipe vijana wa mtaa kwa hesabu ya jioni. Canter ningeibakiza, nikaiwekea nozeli mpya, mpya kabisa safari hii.

Kwani hiyo Canter unaiuza?

Siuzi. Ukitaka kuisikia, Jumanne alfajiri huwa napakia Molo, na huwaka kwa stata moja hata kukiwa na barafu kwenye nyasi.